Hivi sisi Visiwani hatuwezi kuwa na mtandao wetu wa kijamii usio na tajiri mmoja?

#1 Mtu_wa_Kojani

Assalaam alaykum wanajamvi.

Jambo hili limenikaa kichwani na nataka mnipinge kama naota. Maisha yetu yote sasa yamo ndani ya simu: tangazo la msiba, mwaliko wa harusi, saa ya boti ya Mkoani, bei ya karafuu, nani kapoteza mbuzi Makangale. Yote yanapita WhatsApp, Facebook na Instagram, na zote tatu ni za kampuni moja, Meta, ambayo haijui Micheweni iko upande gani wa dunia. Ile siku ya 2021 zilipozima zote kwa pamoja, mtaa mzima ulikuwa unazima na kuwasha simu ukidhani bando limekwisha.

Huku programu za kujenga mtandao usio na makao makuu zipo, tena bure. Mtu anaweka Mastodon, moja ya programu hizo, kwenye seva yake, yaani kompyuta isiyozimwa inayohifadhi na kupeleka habari, mwengine kwenye yake, na seva zinapelekeana habari zenyewe, mithili ya barua pepe zinavyotoka kampuni hii kwenda ile. Wete wakawa na yao, Nungwi yao, watu wetu wa Muscat na London yao, na sote tukasomana. Hakuna bwana mmoja wa kutufungia mlango.

Mie nasema kinachotukwamisha ni uvivu tu. Haya, nipeni sababu nyengine.

#2 PwezaMkavu

Wa alaykum salaam. Salamu nzuri, matusi ya nini? Mie mvivu kwa sababu sina seva nyumbani? Feni yenyewe naiombea dua izunguke.

#3 MtotoWaVuga

Mleta uzi, 2021 haikuwa siku nzima. Ilikuwa tarehe 4 Oktoba, saa sita hivi, kwetu ikaanguka jioni mpaka usiku. Walijikosea wenyewe kwenye matengenezo, njia za kufikia seva zao zikafutika kwenye intaneti. Nilikuwa Forodhani, watu walianza kuangaliana usoni na kuulizana habari za nyumbani.

Hiyo Mastodon naijua tangu ilipoanza 2018. Nikaingia, kitu cha kwanza nikaambiwa nichague seva. Seva gani? Ya nani? Nikafunga, nikarudi nilikotoka.

#4 Koda_wa_Tunguu

@MtotoWaVuga haikuanza 2018. Ilianza 2016, kazi ya Eugen Rochko huko Ujerumani. Kilichotoka Januari 2018 ni ActivityPub, kanuni za kusemezana baina ya seva, zilizopitishwa na W3C, shirika la viwango vya wavuti. Na kabla yake walishapita wengi: identi.ca ya Evan Prodromou 2008, kisha Diaspora 2010, wanafunzi wanne wa New York waliochangiwa zaidi ya dola 200,000 na watu wasiowajua ili waje washindane na Facebook. Facebook ipo.

Kwa wasiojua inavyokwenda, chukua maskani, pale watu wa mtaa wanapokaa kuzungumza. Mtu wa Jaws Corner anakaa Jaws Corner, masharti ya pale anayajua na wakubwa wa pale anawajua kwa sura. Habari za maskani ya Michenzani zinamfikia kwa sababu kuna wanaokwenda na kurudi. Maskani moja ikigeuka ya watukanaji, nyengine zinaacha kuwapokea watu wake.

Kwenye seva, kila akaunti ina sanduku la kutoa na sanduku la kupokea. Ukiandika, seva yako inaangalia wafuasi wako wako kwenye seva zipi, inapeleka nakala kwenye kila moja. Ndiyo maana jina lako lina sehemu mbili, wewe na seva yako, na ndiyo maana unaulizwa uchague. Hilo swali lililokufukuza ndilo lenyewe.

#5 BintiKengeja

Ahsante Koda, hapo nimefahamu.

Mie nina suala la kina mama. Grupu letu la mchezo wa fedha (upatu), admini wake simu yake ilianguka baharini anapanda boti, akaja akabadilisha namba. Tukabaki na grupu lisilo na admini wa kufikika: hatuwezi kumuingiza mtu, wala kumtoa yule aliyekuwa akitutolea maneno. Ikabidi tuhame sote na baadhi walipotea njiani. Kwa hiyo wazo la kitu chetu wenyewe nalipenda. Ila ndani ya mchezo kuna wanaopokea fedha hawataki mtu wa nje ajue wamepokea ngapi. Kwenye hiyo Mastodon, ujumbe wa siri nani mwengine anausoma?

#6 Koda_wa_Tunguu

Dada, huo ndio udhaifu wake mkubwa. Ujumbe wa mtu kwa mtu pale haufungwi kwa ufunguo. Unakaa kwenye hifadhidata ya seva, na mwenye seva akitaka kuufungua anaufungua. WhatsApp tangu 2016 mazungumzo yamefungwa kutoka kwa mtumaji mpaka kwa mpokeaji, kampuni yenyewe haisomi maandishi.

Kwa mambo ya siri kuna Matrix, ilianza 2014. Nayo ni seva nyingi zinazosemezana, lakini mazungumzo yanafungwa. Serikali ya Ufaransa imejengea juu yake programu ya maofisa wake, Tchap. Tabu yake ni kuwa ukipoteza simu na hukuweka ufunguo wa akiba mahali, mazungumzo ya nyuma huyasomi tena.

#7 BintiKengeja

Basi Mastodon kwa mchezo hapana. Mwenye seva atakuwa mleta uzi, na mleta uzi nahisi namjua shemegi yake.

#8 Fundi_Antena

Nyinyi mnazungumza programu, mie nazungumza umeme.

Nipo Chake, kazi yangu kufunga ruta na antena kwenye maofisi na mahoteli. Suala la mwanzo ni seva itakaa wapi. Ukiiweka Pemba, tunategemea waya uliopita chini ya bahari kutoka Tanga, tangu 2010. Kabla ya hapo tulikuwa na majenereta ya Wesha na kelele zake. Waunguja nao wasijitape, waya wao wa kutoka Bara ulipoharibika 2008 walikaa gizani mwezi mzima, na kuanzia Desemba 2009 wakakaa miezi mitatu. Kwa hiyo nunua sola, betri, inveta, halafu tafuta mtu wa kwenda kuiwasha tena saa nane za usiku.

Ukiikodi Ujerumani kama wafanyavyo wengi, umeme si wako tena. Lakini posti ya mtu wa Wete kwa mtu wa Chake inakwenda Ulaya na kurudi. Mei 2024 nyaya za intaneti za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilipokatika kwa pamoja kusini huko, mnakumbuka hali ilivyokuwa. Wete na Chake mngeshindwa kuamkiana na baina yenu ni safari ya daladala.

Halafu diski. Mastodon inajiwekea nakala za picha na video za seva nyengine ambazo watu wako wanazifuata. Nyinyi wachache tu mkifuata wapiga picha wa dunia nzima, seva ya Wete inajaa paka wa Wajapani. Amri ya kusafisha ipo, ila lazima mtu aipange na aifuatilie. Na mashine yenyewe inabeba hifadhidata ya PostgreSQL, kumbukumbu ya haraka ya Redis na foleni ya kazi zinazosubiri kupelekwa. Ikielemewa, posti za asubuhi zinafika magharibi. GoToSocial, programu nyengine inayosemezana na Mastodon, ni nyepesi, inakwenda hata kwenye Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya kiganjani, lakini haina ukurasa wake wa kuandikia, unaingilia kwa programu ya pembeni.

Kwa hiyo uvivu uondoe. Hii ni kazi ya kila siku isiyokuwa na mshahara, na anayeifanya hashukuriwi mpaka iharibike.

#9 PwezaMkavu

Paka wa Wajapani nimewataka. Seva ikifunguliwa niandikeni mwanachama wa kwanza.

#10 Karafuu7

Nawasalimu kutoka Muscat.

Fundi kasema kweli ila kaacha kitu: jina la anwani. Huku tulikuwa na ukurasa wetu wa watu wa Pemba, picha za zamani, nasaba za watu, maombolezo. Kijana aliyeusajili alihama kazi, barua za kulipia domeini zikawa zinakwenda kwenye anwani asiyoifungua tena. Siku tunashtuka, jina limeshachukuliwa na watu wanaouza viatu. Picha za marehemu wetu, basi tena. Hakuna aliyemdhulumu mwenzake, na seva ilikuwa nzima kabisa.

Kwenye hii mitandao ni kubaya zaidi, kwa sababu anwani ya seva ni sehemu ya jina la kila mtu. Mwaka 2023 Mali ilipochukua tena domeini za .ml zilizokuwa zikigawiwa bure, zipo seva zilizoamka hazina jina, na watu wake wote wakapotea kwa wenzao.

#11 Mtu_wa_Kojani

@Karafuu7 pole. Lakini Mastodon ina kuhama. Unaiambia seva ya zamani "nimehamia kule", wafuasi wako wanakufuata.

#12 Koda_wa_Tunguu

Wafuasi wanahama, posti hazihami. Na hiyo ni pale seva ya zamani bado inapumua na kuweza kuwatangazia wenzake. Ikishazimika, unamwambia nani? mastodon.lol ilifungwa 2023, mwenyewe alichoshwa na ugomvi na chuki za watu. Alitoa taarifa mapema, wenye kusoma taarifa wakahama. Sasa jiulize hapa kwetu nani anasoma taarifa.

#13 MzeeWaBarza

Vijana wangu, nimesoma mpaka hapa. Nyote mnafanya kama kwamba jambo hili limezaliwa jana.

Intaneti yenyewe ilianza hivyo. Usenet mwisho wa miaka ya sabini ilikuwa mashine za vyuo zikipelekeana majadiliano, hakuna mwenyewe. Barua pepe mpaka leo haina mwenyewe. Mwaka 1999 ikaja Jabber, baadaye ikaitwa XMPP, soga za wazi za kila mtu na seva yake. Google Talk ikatumia hiyo hiyo, ukaweza kuwa Google ukasogoa na mtu wa seva ya chuo. Watu wakafurahi, wakahamia Google kwa wingi kwa sababu ilikuwa rahisi. Ilipofika 2013 wakaleta Hangouts na kuanza kuuziba ule mlango wa nje. Waliobaki nje wakakuta wenzao wote wako ndani.

Na hiyo WhatsApp mnayoilalamikia, mitambo yake ya mwanzo ilijengwa juu ya programu huria ya XMPP. Walichukua uwazi, wakajenga ukuta.

Basi mimi sikubaliani na mleta uzi wala na Fundi. Si uvivu, si umeme. Mkubwa huingia mahali pa wazi, akishakusanya watu, hutoka na watu wake. Sasa Meta wameanzisha Threads, mtandao wao wa posti fupi, na tangu 2024 wameanza kuruhusu baadhi ya posti zake zisomwe huko Mastodon. Mimi nakaa nikitazama.

#14 Koda_wa_Tunguu

Shikamoo mzee. Naongeza kidogo: wengine wanasema XMPP haikuuawa na Google, ilijichosha yenyewe kwa kuwa kila programu ilitekeleza vipande vyake tofauti. Picha hazifiki, simu inamaliza chaji. Watu walikwenda kwenye kilichofanya kazi.

#15 MzeeWaBarza

Marahaba. Wanaosema hivyo walikuwa wapi, ndani au nje?

#16 Ummu_Duka

Naomba nichangie kama muuzaji. Nauza udi na madera, wateja Unguja, Pemba mpaka Dubai. Akaunti yangu kwenye mtandao mmoja wa picha ilifungiwa ghafla, hawakusema kosa, nikaandika rufaa nikajibiwa na mashine. Biashara ya mwezi wa Ramadhani iliniponyoka hivyo hivyo nikiangalia.

Mngedhani mie ndiye wa kwanza kuhamia kwenye seva yenu. Sihamii. Wateja wangu hawajui seva wala hawataki kujua. Wanajua kugusa picha na kuuliza "bei gani dada". Nilichofanya ni kuandika namba za wateja kwenye daftari la karatasi, na nikifungiwa tena nawapigia mmoja mmoja. Nileteeni pahala ambapo mama wa Dubai tayari yupo, ntakuja.

#17 MtotoWaVuga

Ummu kamaliza uzi. Kila mtu anasubiri mwengine atangulie.

#18 Karafuu7

Hawakusubiri Brazil. Mahakama yao ilipofunga X, Twitter ya zamani, kuanzia mwisho wa Agosti mpaka tarehe 8 Oktoba 2024, mamilioni waliingia Bluesky, mtandao unaofanana nayo, kwa siku chache. Kwa hiyo watu huhama, ila wanahama pamoja na kwa kusukumwa. Na Bluesky haimuulizi mtu maswali ya seva, unaingia tu. Kwa nini tusiende huko?

#19 Koda_wa_Tunguu

Kwa sababu kwa sasa ni rahisi hasa kwa vile karibu kila mtu anakaa kwenye seva za kampuni ile ile. Ilianza kama mradi ndani ya Twitter, Jack Dorsey aliutangaza 2019, ikafunguliwa kwa wote Februari 2024. Ndani kuna mambo mazuri kweli: utambulisho wako umetenganishwa na seva, ukihama unahama na posti zako, na jina linaweza kuwa domeini yako mwenyewe. Lakini ile orodha kuu inayosema utambulisho huu uko wapi imekuwa ikiendeshwa na wao. Kukusanya posti za dunia nzima na kuzipanga pia kunataka mashine kubwa, mtu wa Tunguu haziwezi.

Kinyume chake kuna Nostr, ya 2020. Hapo huna akaunti kabisa, una jozi ya funguo. Unasaini ujumbe, unautupa kwenye seva za kupitishia zozote, wenye kutaka wanauokota. Hakuna wa kukufungia. Ukiupoteza ufunguo umejipoteza wewe. Ukiibiwa, mwizi amekuwa wewe, na hakuna pa kwenda kulalamika.

#20 PwezaMkavu

Mie namba ya siri ya simu namuuliza mke wangu. Nostr hapana.

#21 Wakili_Mdogo

Samahani kuingilia kati. Hakuna aliyetaja sheria, na posta na simu ni jambo la Muungano, kwa hiyo msidhani tu Unguja na Pemba ziko nje kabla ya kuuliza. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni zilitoka 2018, zikaja nyengine 2020. Zile za mwanzo ndizo zilizowatia wenye blogu gharama ya leseni ya zaidi ya milioni mbili. Anayefungua seva na kupokea posti za wengine lazima ajiulize yeye ni nani mbele ya kanuni hizo, na kama malalamiko yakija atayajibu ndani ya muda.

Pia kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ilianza kutumika Mei 2023. Ukikusanya namba na majina ya watu una wajibu, na kupeleka taarifa hizo nje ya nchi nako kuna masharti yake. Seva ya Ujerumani ya Fundi, je? Kampuni kubwa ina ukumbi mzima wa mawakili. Mleta uzi ana shemegi.

#22 Mtu_wa_Kojani

Huyo shemegi mwacheni jamani.

#23 MtotoWaVuga

Na tuseme lile ambalo kila mtu analizunguka. X ilipozuiwa nchini Mei 2025, Mastodon ingefaa. Lakini Oktoba 29 ilipozimwa intaneti yenyewe, seva yako ya Ujerumani, ya Wete, ya mwezini, zote ni mamoja. Kugawa seva kunasaidia kama adui ni kampuni. Waya ukiwa umekatwa huna cha kugawa.

(Siasa naziacha hapo, uzi usije ukafungwa.)

#24 Koda_wa_Tunguu

Vuga leo umenipa nafasi niliyokuwa naisubiri.

Ipo iitwayo Scuttlebutt. Aliyeianza, Dominic Tarr wa New Zealand, alikuwa akiishi kwenye mashua, na alitaka mtandao wa kijamii wa mtu ambaye muda mwingi hana intaneti. Hiyo ilikuwa 2014. Hakuna seva ya lazima. Kila mtu ana daftari lake ndani ya kifaa chake, anaandika chini ya kilichotangulia na kusaini. Wawili wakikutana kwenye waifai moja, hata isiyo na intaneti, vifaa vinalinganisha: wewe una kurasa zipi za nani, mie nina zipi. Wanapeana zilizopungua. Nikikutana na BintiKengeja bandarini, nabeba habari zake na za rafiki zake mpaka Unguja bila ya mie kujua nimezibeba.

Piga picha ruta ndogo ya waifai ndani ya boti ya Mkoani. Abiria wote wanaopanda na kushuka ndio waya.

#25 Mtu_wa_Kojani

Allahu akbar! Hii ni yetu hasa. Wavuvi wa kwetu Kojani wanakwenda dago, kambi za uvuvi za mbali, miezi, pwani ya Bara mpaka Kenya, na siku zote habari zinakwenda na chombo: nani kajifungua, nani kaoa, nani anadaiwa. Dago lote linakutana, linabadilishana, linarudi. Hakuna aliyeuliza bando.

#26 Fundi_Antena

Taratibu. Daftari lisilofutika linakua. Simu ya mvuvi ina nafasi ya picha kidogo na nyimbo za taarab, unataka ibebe maandishi ya kila rafiki wa rafiki tangu siku ya kwanza? Kulinganisha kwa mara ya mwanzo peke yake kunaweza kuchukua muda mrefu na betri ikaisha kabla ya Mkoani. Na umma wa Scuttlebutt ni mdogo mpaka leo. Kuna Briar nayo, inatumia Bluetooth na waifai, nyepesi zaidi, ila kwenye simu ni ya Android tu.

Kuunganisha watu wa karibu bila kupita Ulaya, mie ningeanza na waya zenyewe. Afrika Kusini kuna ushirika wa Zenzeleni kule Eastern Cape, wanakijiji wameweka minara yao midogo ya sola. Hata Kondoa, Dodoma, wamejaribu mtandao wa jamii. Hapo kwanza uwe na bomba, ndipo uzungumze maji ya nani.

#27 BintiKengeja

Nimerudi, na sasa nimekasirika kidogo.

Koda, umesema daftari haliwezi kufutwa. Nieleze kwa harusi. Kwenye harusi zetu, ukumbi wa wanawake, watu wamevua mabuibui, wamejipamba, wanacheza ngoma. Simu zinazuiwa mlangoni na bado picha zinatoka. Ikitoka picha ya binti wa mtu kwenye grupu la WhatsApp, tunampigia aliyeiweka, tunamuita mama yake, picha inafutwa kwa wote ikiwahiwa. Si kamili, lakini kuna njia. Kwenye lako ikishaandikwa imeandikwa, na boti inaisambaza visiwa vyote na mbebaji hajui kabeba nini. Huo ndio mtandao mnaotujengea?

#28 Koda_wa_Tunguu

Hoja nzito. Kwa Scuttlebutt, programu inaweza kukubali kuficha, lakini kufuta hasa kwenye vifaa vya wote hakuna. Mastodon ina kufuta: seva yako inazitumia seva nyengine amri ya kufuta, na seva yenye adabu inatii. Isiyokuwa na adabu inabaki nayo, na hakuna wa kuilazimisha. Unachoweza ni kuikata, isipokee tena kitu kwako.

#29 BintiKengeja

"Yenye adabu." Sawa.

#30 MzeeWaBarza

Binti kagusa pale ambapo sote tulipapita mbio. Mnazungumza nani anamiliki mashine. Nani anafuta? Nani anamwita mtu pembeni akamwambia hili si jambo? Kwenye kampuni kubwa, aliyeko kwenye kiti hicho hajui kwetu tusi ni lipi na mzaha ni upi. Tukitiana maneno ya kisiasa kwa lahaja ya Makunduchi au ya Kipemba cha ndani, mashine yao inaona salamu.

#31 Fundi_Antena

Ni kweli, na hapo ndipo ninapojitoa. Seva ntafunga bure. Kuamua baina ya watu wawili wa Mtambwe nani kamtukana nani, wakati wa uchaguzi, sitaki hata kwa mshahara. Kesho nataka kupita njia hiyo hiyo.

#32 Wakili_Mdogo

Ila Mzee, pale mwenye kufuta anapokuwa jirani yako, ndipo kufuta kunapokuwa na deni. Atafuta ya adui yake, ataacha ya mjomba wake. Afisa wa mbali asiyenijua pengine ananitendea haki zaidi. Ulaya wamekwenda njia nyengine kabisa: Sheria yao ya Masoko ya Kidijitali inazilazimisha huduma kubwa za ujumbe, WhatsApp ikiwemo, zifungue mlango kwa programu ndogo zinazoomba. Huhami, hujengi, mkubwa analazimishwa kuzungumza na mdogo.

#33 MtotoWaVuga

Inalazimisha Ulaya. Sisi tutalazimisha kwa kipi?

#34 PwezaMkavu

Mnachekesha sana wakulima. Uzi mzima mnapinga bwana mmoja, na karafuu zenu zote zina mnunuzi mmoja, shirika la serikali.

#35 Karafuu7

Pweza usitupeleke huko, uzi utafika kurasa mia. Na bei ya mnunuzi huyo mmoja ni nzuri kuliko ya magendo, muulize babu yako.

#36 PwezaMkavu

Babu yangu ndiye aliyenifundisha njia ya magendo 😂

#37 MtotoWaVuga

Nyie Wapemba mtajadili mpaka Mastodon ifungwe. Sisi Unguja tulikuwa na televisheni ya rangi miaka ya sabini, Bara walipata televisheni miaka ya tisini. Tukiamua jambo tunatangulia.

#38 Fundi_Antena

Mlitangulia, na sasa mnaangalia tamthilia za Kituruki kwenye simu. Tuendelee.

#39 Mtu_wa_Kojani

Haya. Nimewasikia, ingawa neno uvivu silirudishi lote, maana mpaka hapa hakuna aliyejaribu. Naanza kidogo: GoToSocial kwenye Raspberry Pi, sola ya Fundi, habari za wazi tu. Saa za boti, misiba, mbuzi waliopotea. Hakuna mchezo wa fedha, hakuna picha za harusi. Mama wa Dubai asije.

#40 Ummu_Duka

Hakuja hata ulipomuita.

#41 BintiKengeja

Sharti langu moja: ufunguo wa kufuta nakaa nao mie na mwanamke mwengine mmoja. Wewe ukae na umeme.

#42 Mtu_wa_Kojani

Nimekubali.

#43 Wakili_Mdogo

Kabla hujawasha, domeini inasajiliwa kwa jina la nani? Huyo ndiye atakayeitwa.

#44 Karafuu7

Na ndiye atakayepokea barua za kulipia. Msisajili kwa jina la mtu. Sajilini kwa jumuiya yenye katibu na mweka hazina, barua ziende kwa wawili.

#45 Fundi_Antena

Naunga mkono. Jumuiya.

#46 PwezaMkavu

Jumuiya ipi, ya Kojani au ya Kengeja?